Makazi ya wanyama kwenye mpango wa ardhi wa shehia: mwongozo kamili kwa Unguja na Pemba

Kamati nyingi hufika mwisho wa mpango wa matumizi ya ardhi zikiwa na ramani nzuri yenye kipande cha kijani kilichoandikwa "msitu". Misimu miwili baadaye pale pameshalimwa makonde, pamechimbwa mchanga, na njia waliyokuwa wakipita kima imezibwa na nyumba. Sababu huwa ile ile. Makazi ya wanyama yalichorwa mwisho, kwenye ardhi iliyobaki baada ya viwanja, mashamba na hoteli kupata nafasi zao, na hakuna aliyeuliza ile ardhi ni ya nani.

Hapa mpangilio umegeuzwa: wanyama wanachorwa mwanzo, wenye ardhi wanaorodheshwa kabla ya mstari wowote kuwa wa mwisho, na mpaka unawekwa ardhini kabla ya saini. Fuateni hatua kwa namba zake. Kuruka hatua ya 4 ndiko kunakoua mipango mingi kuliko kosa jingine lolote.

## Vitu vya kuandaa

- Picha ya anga ya shehia nzima. Unguja na Pemba zilipigwa picha kwa droni katika mradi wa ramani ulioanza mwaka 2016, ukiihusisha Kamisheni ya Ardhi na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Picha ni kali kiasi cha kuonesha mnazi mmoja mmoja. Ombeni kwa barua Kamisheni ya Ardhi.
- Chapa ya picha hiyo kwa kipimo cha 1:5,000, ambapo sentimita 1 ni mita 50. Eneo la kilomita 2.5 kwa 4 linaenea kwenye karatasi moja ya A1. Chapisheni nakala tatu.
- Nailoni nyepesi inayoonesha, mita 6, ya kutandika juu ya ramani, na maka peni za rangi tano.
- Simu mbili zenye GPS na programu ya kurekodi njia bila intaneti, pamoja na betri ya akiba.
- Tepu ya mita 50, kamba ya katani mita 100, mapanga mawili, rangi ya mafuta ya njano lita 4.
- Madaftari mawili ya jalada gumu: moja la wanyama, moja la wenye ardhi. Msiyachanganye.
- Mizani ya kuning'iniza ya kilo 50.
- Saruji, mchanga, kokoto na nondo za milimita 8 kwa nguzo za mpaka. Hesabu yake iko hatua ya 8.

Kwa muda, wekeni karibu mwaka mmoja. Anzeni kipupwe, Juni, njia za msituni zinapokuwa kavu. Makubaliano yawe tayari kabla ya Januari, kwa sababu wakulima wa uwanda (ardhi ya mawe ya matumbawe) hufyeka na kuchoma kabla ya masika. Mkikutana Machi mtakuwa mnajadili majivu.

## Hatua ya 1: Watu wa kukaa mezani

Mwandikieni Sheha, naye aliitishe Baraza la Ushauri la Shehia. Nakala ziende kwa Mkuu wa Wilaya, Baraza la Wilaya, Idara ya Misitu na Kamisheni ya Ardhi. Ombeni kila ofisi itaje mtu wake mmoja atakayehudhuria mwanzo hadi mwisho. Ofisi ikituma mtu tofauti kila kikao, kila kikao kitaanza upya.

Kamati ya watu 12 hadi 15 inatosha. Wawemo wakulima wa uwanda, wakata kuni, wachoma makaa na chokaa, wachimba mchanga, wavuvi, mwalimu wa skuli na angalau wasasi (wawindaji) wawili. Wasasi husahaulika au huogopa kuja kwa kudhani wanaitwa kukamatwa. Hao ndio wanaojua paa analala wapi na anavuka wapi. Waalikeni kwa mdomo, nyumbani kwao, na muwaahidi mbele ya Sheha kwamba wanachosema kitatumika kuchora ramani tu. Ahadi hiyo itimizwe.

Wanawake wasipungue nusu, kwa kuwa kuni wanakata wao. Siku za bamvua wakulima wa mwani wako pwani, basi vikao viwe siku za maji mafu. Wapeni pia kikao chao peke yao kinachoongozwa na mwanamke.

Mmefaulu ikiwa kwenye daftari la mahudhurio yumo mtu ambaye riziki yake itaguswa na kila mstari mtakaochora. Kama wachoma makaa hawamo, msiendelee.

## Hatua ya 2: Choreni wanyama kabla ya kitu kingine

Tandikeni nailoni juu ya picha ya anga. Msiandike viwanja, wala hoteli, wala barabara mpya. Siku hii ni ya wanyama tu. Ulizeni maswali manne na kila jibu lichorwe kwa rangi yake:

1. Wanalala na kuzaa wapi?
2. Wanakula wapi kiangazi, na wapi masika?
3. Wanavuka wapi kutoka kichaka kimoja kwenda kingine?
4. Maji yako wapi, pamoja na mapango?

Semeni mnyama kwa jina lake. Kima punju hapatikani kwa asili popote duniani ila Unguja. Hesabu iliyotolewa mwaka 2017 ilipata wapatao 5,800, na wengi wao huingia mashambani na kwenye mikoko nje ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka iliyotangazwa mwaka 2004. Hula majani machanga na matunda mabichi, mikungu na miembe ya mashambani pamoja. Kwa hiyo shamba la mtu linaweza kuwa makazi yake hata kama si msitu. Paa nunga ni mwingine kabisa. Anataka vichaka vizito vya uwanda ambavyo havijakatwa muda mrefu, na akisumbuliwa hahamii shambani, hutoweka. Mkiwaweka wote wawili chini ya neno "wanyama", kanuni mtakazotunga hazitamfaa hata mmoja.

Choreni pia pelele, komba, ndege wa vichakani na fukwe wanazotagia kasa, ikiwa wako kwenu.

Mikoko ihesabiwe kuwa makazi, na kamba ya vichaka inayounganisha mikoko na msitu wa ndani ya kisiwa ichorwe kwa wino mzito. Kamba hiyo ndiyo huuzwa mwanzo, kwa sababu iko karibu na bahari.

Mwisho wa siku mtakuwa na nailoni yenye madoa na mistari inayokatiza mashamba ya watu. Kama madoa yote yameangukia ndani ya msitu wa Serikali, mmechora mnachodhani kinaruhusiwa badala ya mnachokijua. Rudieni.

## Hatua ya 3: Mwende mkahakikishe kwa miguu

Chagueni mistari mitatu hadi sita, kila mmoja kilomita 1, ipite kwenye sehemu mlizotia rangi na sehemu moja mliyoacha wazi. Tembeeni watu wawili, kuanzia saa 12 na nusu asubuhi hadi saa 3, kwa mwendo wa kilomita moja kwa saa. Mkienda haraka, kima watawaona nyinyi kabla hamjawaona wao.

Andikeni saa, nukta ya GPS, mnyama, idadi, alikuwa juu ya mti gani, na alielekea upande gani. Hilo la mwisho ndilo linalothibitisha mapito. Rudieni kila mstari mara nne: mbili kiangazi, mbili msimu wa mvua.

Kwa paa msitegemee nyayo peke yake. Jiwe la uwanda halishiki alama. Tafuteni kinyesi na nyayo kwenye vishimo vyenye udongo kati ya mawe. Kama mnaweza kuazima kamera za kutegea kutoka Idara ya Misitu, zifungeni sentimita 30 hadi 40 kutoka ardhini, zikielekea kaskazini au kusini ili jua lisiingie kwenye lenzi.

Onyo kuhusu GPS. Wekeni simu kwenye mfumo wa vipimo vya ramani uitwao WGS 84, kanda ya UTM 37 Kusini, na mwandike jina la mfumo huo juu ya kila ukurasa. Ramani za zamani zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960. Nukta ya mfumo mmoja ikiwekwa kwenye ramani ya mfumo mwingine bila kubadilishwa huhama karibu mita 300, na mapito yenu yote yataangukia ndani ya shamba la mtu asiyehusika. Ugomvi wa mipaka ulioanza hivyo ni mgumu kuumaliza, kwa sababu kila upande una karatasi yake.

Chini ya miti mikubwa simu hukosea mita 10 au zaidi. Simameni dakika tatu kabla ya kurekodi.

## Hatua ya 4: Nani mwenyewe

Sasa lifungueni daftari la pili. Kisheria, chini ya Sheria ya Umiliki wa Ardhi Namba 12 ya 1992, ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma iliyo katika dhamana ya Rais, na mtu hupewa haki ya matumizi. Lakini kijijini haki hizo zimepandana, na mpango usioziorodhesha huvunjika siku mwenyewe anaporudi kutoka mjini.

Kwa kila kipande kinachoguswa na rangi za wanyama, andikeni:

- Anayelima sasa, na aliyempa ruhusa.
- Kama ni eka tatu (shamba lililogawiwa na Serikali baada ya Mapinduzi), shamba la urithi, la Serikali, la wakfu, au konde la jadi la uwanda.
- Mwenye miti. Kwetu mtu anaweza kuwa na minazi au mikarafuu juu ya ardhi inayolimwa na mwengine, na ruhusa ya mmoja haimfungi mwenziwe.
- Warithi wote, na walipo. Shamba la marehemu lisilogawiwa linataka warithi wote wakubali. Saini ya kaka mkubwa peke yake haitoshi.
- Kama pameshauzwa au kuahidiwa mwekezaji. Ulizeni Kamisheni ya Ardhi kwa barua, msiridhike na la mdomo.

Eka tatu ziko zaidi kwenye ardhi ya udongo mzito. Uwandani utakuta haki za jadi: aliyefyeka analima, akiliacha konde linarudi kuwa kichaka cha kijiji. Watu wa nje hulitazama konde lililopumzishwa wakadhani halina mwenyewe. Linaye, na humkumbuka vizuri sana siku mtakapopanda nguzo.

Hatua hii inachosha na huchukua miezi miwili au mitatu. Msiikate. Mmefaulu mkiweza kugusa nukta yoyote ya rangi kwenye nailoni na kutaja nani wa kuzungumza naye.

## Hatua ya 5: Mapito

Hapa pana uzito kuliko sehemu nyingine yoyote ya mpango. Msitu wa akiba una askari na sheria yake. Mapito, ambayo maofisa huyaita ushoroba, hayana mlinzi. Yanapita katikati ya mashamba, nyuma ya nyumba, kandokando ya barabara. Yakikatika, kundi la kima lililobaki upande mmoja huzaana lenyewe kwa lenyewe na kudhoofika, na paa hawarudi tena kichaka walichotoka.

Anzeni na hesabu ya ardhi, kwa sababu hapa ndipo wengi huota. Eka tatu ni mita za mraba 12,140, yaani kipande cha takriban mita 110 kwa 110. Mkitaka mapito ya upana wa mita 100 na urefu wa kilomita 1.5, mnataka hekta 15, sawa na eka 37. Hayo ni mashamba 12 ya eka tatu, mazima. Hakuna kijiji kitakachoyatoa, na haifai kuwaomba watu maskini wayatoe.

Njia inayowezekana ni kupitisha mapito juu ya mipaka ya mashamba. Kila mwenye shamba akiacha ukanda wa mita 20 upande wake, jirani naye 20, mnapata mita 40, na kila mmoja amegusa chini ya sehemu moja ya tano ya shamba lake. Ukanda huo unabaki wake. Anaendelea kuchuma embe, kuangua nazi, kuokota kuni kavu na kufuga nyuki. Anachoahidi ni kutokata miti iliyosimama, kutochoma moto na kutojenga.

Mita 40 zinamtosha kima ikiwa vilele vya miti vinagusana. Panda miembe, mikungu, mizambarau na miti ya asili ya hapo hapo kwenye mapengo, kila mita 5, mvua za masika zikianza. Mvinje unakua haraka na unafaa kwa kuni na boriti, lakini chini yake hakuoti kitu na kima hapati chakula. Uwekeni kwenye shamba la kuni.

Kwa paa nunga mita 40 hazitoshi. Yeye anataka kichaka kizito cha chini na utulivu. Chukueni mita 100 kama kiasi cha kuanzia, na zitafuteni uwandani, ambako hakuna eka tatu. Panapobana, afadhali kipande kifupi chembamba chenye kichaka kizito kuliko ukanda mpana uliofyekwa chini.

Mbwa ndio wanaoharibu kazi hii yote kimyakimya. Mapito yenye kichaka kizuri na mbwa watatu wanaozurura hayampitishi paa hata mmoja. Kanuni ya mbwa iingie tangu mwanzo.

Mapito yakikata barabara, ombeni matuta mawili, moja kila upande wa mahali pa kuvukia, na miti ya pande zote mbili iachwe ikutane juu. Matuta ya barabara ya Jozani yalipunguza sana vifo vya kima waliokuwa wakigongwa na magari. Barua ya matuta iende kwa mamlaka ya barabara wakati barabara bado iko kwenye michoro. Baada ya lami kumwagwa hamtasikilizwa haraka.

Mtajua mmefaulu pale kila mwenye ukanda atakapokuwa ametembea mwenyewe ukanda wake na kamati, ameona mita 20 zinaishia wapi, na bado amekubali.

## Hatua ya 6: Pimeni mahitaji ya watu

Chagueni kaya 15 za hali tofauti. Kwa siku saba pimeni kwa mizani kila mzigo wa kuni unaoingia, na muulize umetoka wapi. Kisha zidisheni. Kwa mfano, shehia yenye kaya 200, kila kaya mizigo 3 kwa wiki, mzigo kilo 18, inatumia kilo 561,600 kwa mwaka, yaani tani 560. Fanyeni hivyo hivyo kwa makaa, fito, boriti na ardhi ya kulima, na muhesabu viwanja watakavyohitaji vijana wanaooa miaka kumi ijayo.

Namba hizo ziwekwe mezani mbele ya watu. Ukifunga msitu unaotoa tani 560 bila kuonesha zitakapotoka, unawageuza majirani wema kuwa wezi wa usiku. Kwa hiyo mpango uwe na shamba la kuni, karibu na nyumba kuliko msitu ulivyo karibu. Likiwa mbali zaidi halitatumika.

## Hatua ya 7: Kanda na kanuni

Kanda nne zinatosha: kiini kisichoguswa, eneo la matumizi ya msitu, mapito, na eneo la makonde ya kuzunguka. Zilizobaki, kama makaazi, biashara, machimbo na pwani, zifuate taratibu za kawaida za Kamisheni ya Ardhi. Machimbo ya mchanga na mawe yapangiwe mahali pake maalumu mbali na mapito, yasipopangiwa yatajipangia.

Kanuni iandikwe hivi kwamba mtoto wa skuli aweze kuamua kama imevunjwa. "Matumizi endelevu ya kuni yanaruhusiwa" haifai kitu. "Kuni kavu zilizoanguka tu, mzigo mmoja wa kichwa kwa kaya, Jumatatu na Alkhamisi, bila msumeno wala gari la ng'ombe" inaeleweka na inalindika. Gari la ng'ombe litajwe kwa jina, maana ndilo linalogeuza kuni za jiko kuwa biashara.

Kwa makonde ya uwanda, gawanyeni eneo katika vipande na muandike miaka ya kulima na miaka ya kupumzisha kila kipande. Wazee wa shehia ndio wanaojua kichaka cha kwenu huchukua miaka mingapi kurudi. Chukueni jibu la juu zaidi mtakalopewa, kwa kuwa konde likirudiwa kabla ya wakati wake mizizi hufa na pale panabaki jiwe.

Kima wanaokula nazi changa waandikiwe utaratibu wao: nani anaambiwa, ndani ya siku ngapi anakuja kuangalia, na mwenye shamba anapata nini. Mkinyamaza juu ya hasara, mwenye shamba atajitafutia dawa.

## Hatua ya 8: Mpaka uonekane ardhini

Nguzo ya saruji ya sentimita 10 kwa 10, urefu sentimita 90, na nondo moja katikati, inatosha. Changanyeni saruji ndoo 1, mchanga 2, kokoto 4. Mfuko mmoja wa kilo 50 hutoa nguzo kama 15. Zimwagieni maji siku saba kabla ya kuzibeba, la sivyo zitavunjika njiani.

Wekeni nguzo kila kona, na katikati kila mita 100. Kwenye kichaka kizito ziwe kila mita 50, ili mtu akisimama kwenye moja aione inayofuata. Chimbieni sentimita 45. Uwandani pasipochimbika, jengeeni nguzo kwa mawe na udongo wa saruji juu ya jiwe lenyewe. Pakeni njano kichwani na muandike namba.

Kila nguzo isimamishwe mbele ya wenye ardhi wa pande zote mbili, na majina yao yaandikwe kando ya namba ya nguzo. Nguzo iliyowekwa mwenyewe hayupo hung'olewa.

## Hatua ya 9: Saini na ofisi

Karatasi tatu zinahitajika, na hazibadilishani kazi.

Ya kwanza ni makubaliano ya usimamizi wa msitu wa jamii, maarufu kama COFMA, kati ya jamii na Idara ya Misitu. Yanasimama juu ya Sheria ya Misitu Namba 10 ya 1996, na ndiyo yanayowapa haki ya kumzuia mtu wa nje. Ya pili ni sheria ndogo zinazopitishwa na Baraza la Wilaya, zenye faini. Bila hizo, mtamkamata mkosaji na hamna la kumfanya. Ya tatu ni ramani iliyopokewa na kugongwa muhuri Kamisheni ya Ardhi, ili ofisa anayeletewa ombi la kiwanja aone kwanza kwamba pale ni mapito.

Hii ya tatu ndiyo inayosahauliwa, nayo ndiyo inayowazuia wajenzi. Pelekeni ramani ikiwa faili la kompyuta pamoja na karatasi. Nakala nyingine iende ZEMA, mamlaka ya mazingira. Mwekezaji mkubwa lazima afanyiwe tathmini ya athari za mazingira chini ya Sheria Namba 3 ya 2015, na ramani yenu ikiwa tayari mezani kwao, hoja yenu itasomwa kabla ya kibali.

Miezi mitatu baadaye mtumeni mtu akaulize Kamisheni, kama mwananchi wa kawaida, kuhusu kiwanja ndani ya mapito. Akijibiwa kwamba pamezuiliwa, ramani inafanya kazi.

## Mkiwa Pemba

Pemba vilima vingi ni mikarafuu, mabonde ni mpunga, na msitu mkubwa wa asili uliobaki ni Ngezi, kaskazini magharibi. Mapito ya ardhini hayana uzito ule ule. Makazi hapa mara nyingi ni mti mmoja, kaburini, mzimuni, au kwenye ukingo wa bonde.

Popo wa Pemba hapatikani popote pengine duniani. Hulala kwa mamia juu ya miti mikubwa, kama pale Kidike, na usiku hutawanyika kula matunda na kusambaza mbegu kisiwa kizima. Kwa hiyo hatua ya 2 ibadilike. Orodhesheni kila mti mkubwa unaolaliwa, na iliyowahi kulaliwa hata kama leo mitupu, maana popo huhama na kurudi. Kila mti upewe namba, mwenye ardhi, na duara la mita 50 lisilochomwa moto wala kukatwa mti. Mizimu na makaburi yaingizwe kwa idhini ya wanaoyatunza, na kwa masharti yao.

Kuhesabu ni rahisi: watu wawili, pande mbili tofauti za mti, kuanzia jua linapozama mpaka giza liingie, wakihesabu wanaoruka kwenda kula. Rudieni mwezi ule ule kila mwaka.

## Hatua ya 10: Kulinda kilichosainiwa

Tembeeni mpaka wote kila miezi mitatu, na mara moja ya ziada Januari kabla ya mafyeko. Chukueni daftari la nguzo na muandike kila nguzo: ipo, imeng'olewa, imezungukwa. Rudieni mistari ya hatua ya 3 kila mwaka kwa saa zile zile. Mkibadilisha saa, namba hazilinganishiki.

Mkikuta konde jipya ndani ya mapito, siku hiyo hiyo pigeni picha yenye nukta ya GPS, mwiteni mwenyewe na Sheha pamoja, na muandike alichosema. Akiwa na njaa ya ardhi, mpeni kipande kwenye eneo la makonde kabla ya kumtajia faini. Akiwa ametumwa na mnunuzi, peleka faili Baraza la Wilaya na Kamisheni ya Ardhi ndani ya siku saba, kabla msingi haujamwagwa. Nyumba ikishaezekwa, kesi huwa ndefu na kima wameshatafuta njia nyingine au wameshakosa.